Saa Nne, Skrini ya Mashimoni

"Kawangware imeungua. Nakala imebaki moja tu. Mashimoni, saa nne."

Sauti ya Osewe, mkuu wake, ilikatika sikioni. Jasusi Nduku alikuwa tayari juu ya bodaboda.

"Kibera. Kimbiza!"

"Madam, unakimbizwa na polisi ama na mzee wako?"

"Kimbiza!"

Ofisini Kawangware, rekodi zote za jumba la mawe la Mashimoni, huko Kibera, zilikuwa majivu: ramani, picha, majina ya waliolijenga, barua ya kulihifadhi. Mtu alikuwa ameacha petroli na simu ya kuilipua.

Nakala iliyosalia ilikuwa ndani ya skrini kubwa iliyotundikwa ukutani mwa jumba lenyewe. Saa nne ingewashwa, kila mtu ajionee.

Kampuni ya kigeni iliitaka ile ardhi. Mara ngapi tingatinga limekuja Kibera, na bwana mwenye suti akauliza karatasi ziko wapi? Sisi wa Kibera mara hizo tunazikumbuka zote. Hata moja hatujasahau. Safari hii karatasi zilikuwepo.

Ndiyo maana zilichomwa.

Mashimoni. Watu kama mia mbili mbele ya skrini. Pembeni, kwenye kioski cha maji, mitungi ya njano ilikuwa imepanga laini hadi ukutani. Hapa mtungi ndio husimama foleni, mwenyewe akaendelea na shughuli zake. Kila mmoja una alama: uzi, rangi, jina.

Bastola yake ya Glock ilimchoma ubavuni. Ingemsaidia nini? Watoto walikuwa kila mahali.

"Umeona kitu?" Osewe, sikioni.

"Bado."

"Dakika sita."

Kisha akauona. Mtungi mmoja, chini kabisa ya skrini. Hauna alama. Tena umejaa.

Nani hupanga mtungi uliojaa kwenye laini ya maji?

Harufu ikamfikia. Petroli.

Akipiga kelele, watu watakanyagana. Na mwenye kubonyeza simu huenda alikuwa humu humu, akingoja skrini iwake.

Alimwendea muuza maji. "Mama Daisy, ule wa mwisho ni wa nani?"

"Ule? Hauna alama, hauna mwenyewe."

"Sema unautoa laini. Kwa sauti."

"Wee! Unataka nitukanwe asubuhi yote hii?"

"Tafadhali, mama."

Mama Daisy alishika kiuno. "Kuna mtungi hauna mwenyewe hapa! Natoa laini!"

Umati mzima ukageuka. Mambo ya laini ni vita.

"Wangu usiguse!"

"Nimefika hapa saa kumi na moja, mimi!"

Wote walisogea mbele.

Mmoja tu alirudi nyuma. Koti la fundi wa skrini, mkono mfukoni. Alikuwa karibu mno na petroli yake mwenyewe. Alihitaji hatua kumi hivi kabla ya kubonyeza.

Nduku hakumpa hata tano.

Aliudaka mkono ulipotoka mfukoni, akaukunja hadi ukalia. Simu ilianguka. Nduku aliiokota, akachomoa betri. Beji kifuani ilisema Billy.

"Ni mawe tu, sista," Billy alihema. "Ungekufa kwa sababu ya picha?"

"Mbona wewe ndiye uliyekuwa unakimbia?"

Pingu. Klik.

"Nduku? Nduku!" Osewe aliita sikioni.

"Ninaye. Leta watu wautoe mtungi. Polepole, usitishe watoto."

Walikuja wawili, wakaubeba kama maji ya kawaida.

Saa nne kamili, skrini ikawaka. Ramani. Muhuri. Kisha picha: vijana wanane na mawe yao, majina yameandikwa chini.

Watu walisogea wasome.

"Huyo!" Nyanya mmoja, Amondi, alipaza sauti. "Huyo mwenye nyundo ni baba yangu!"

Simu ziliinuka. Kumi, hamsini, mia. Kila mtu alipiga picha kila ukurasa, wengine wakituma papo hapo hadi Riruta, Kisumu, Kitui.

Nduku alimgeuza Billy uso, atazame.

"Haya. Choma sasa."

Akawakabidhi wenzake mtu wao, akavaa miwani ya jua, akaondoka bila haraka.