Fikirini Avua Koti la Serikali

Alasiri ile upepo ulikuwa ukicheza na sufi. Misufi ya upande wa Mnazi Mmoja ilikuwa imepasuka. Sufi nyeupe ilielea juu ya mapaa ya makuti ya Kariakoo, polepole, kama imesahau kuanguka. Fikirini alikaa barazani kwake, Mtaa wa Swahili, akiitazama, mdomo wazi. Kahawa yake ilikuwa imepoa zamani.

"Baba Sophia," mkewe Siwema alimwita kutoka ndani. "Upo hapo?"

"Nipo."

"Mwili upo, nauona. Wewe mwenyewe uko wapi?"

Fikirini alicheka. Alikuwa tarishi wa serikali. Kazi yake ilikuwa kupeleka karatasi kutoka afisi hii mpaka afisi ile, na miguu yake ilizijua njia zote za mji. Lakini akili yake, lahaula! Akili yake ilikuwa na safari zake, wala haikumuaga mtu.

Siku hiyo alikuwa akiwaza jambo kubwa. Gavana alikuwa anaondoka, na Gavana mwingine alikuwa njiani. Siku zile za Waingereza, Gavana ndiye aliyeongoza Baraza la Kutunga Sheria. Sheria za nchi zilipita mbele yake. Basi wafanyakazi wa serikali hawakuwa na mazungumzo mengine.

Akaja rafiki yake Hamis, mtunza bustani za serikali. Akajitupa mkekani.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Watu wanasemaje huko?"

"Kila mtu na lake," Hamis alisema. "Wengine wanasema huyu mkuu mpya wa Baraza ni mpole, atatupa likizo ndefu. Wengine wanasema ni mkali, ataleta sheria ya kufukuza nusu yetu. Mpishi wa hospitali amekwisha kufunga mizigo. Na mimi je?"

"Tulia," Fikirini alisema. "Mimi najua la kufanya. Katika beni yetu, akija Kingi mpya, sisi hufanyaje?"

Beni ilikuwa ngoma ya mjini, ya matarumbeta na gwaride, na wachezaji wake walipeana vyeo kama askari. Fikirini alikuwa Meja. Katika beni yao, akitawazwa Kingi mpya, yaani mkuu wao, kila mwenye cheo alivua mkanda wake wa rangi akauweka miguuni pake. Kingi aliitazama mikanda ile, kisha akamrudishia aliyemtaka. Aliyechelewa kuvua alionekana hana adabu. Huyo hakuupata mkanda tena.

"Basi na serikalini ni vivyo hivyo," Fikirini alisema. "Mwenye adabu huvua mwenyewe, kabla hajavuliwa."

"Hee!" Hamis alishangaa. "Una akili, Meja!"

Masikini! Hata mmoja wao hakuuliza mtu mwingine.

Asubuhi Fikirini alichukua koti lake la kaki lenye vifungo vya shaba. Siwema alikuwa amelitia wanga na kulipiga pasi ya mkaa, akidhani mumewe analivaa. Kumbe analikunja. Alivuka uwanja wa Mnazi Mmoja na kanzu yake nyeupe, koti mikononi, umande ukimlowesha miguu. Hakuona njia. Alimwona Gavana mpya akiuliza, "Ni nani huyu mwenye adabu namna hii?" Akajiona akivalishwa koti mbele ya watu, beni ikipiga, na Siwema akipiga vigelegele. Aligonga nguzo ya taa, akaiomba radhi, akaendelea.

Afisini aliliweka koti juu ya meza ya Karani Mkuu, na tarabushi lake la kazi juu yake. Akainama kwa heshima. Akatoka kinyumenyume bila kusema neno, kama walivyofanya katika beni. Karani Mkuu alibaki amekodoa macho.

Kisha Fikirini akakaa nyumbani akingoja kuitwa. Kila motakaa iliyopita mtaani ilimwinua. Usiku aliota vifungo vya shaba vikitembea vyenyewe angani, na alikuwa na furaha.

"Mume wangu, huendi kazini?" Siwema aliuliza.

"Nimo kazini. Nangoja."

"Unangoja nini barazani?"

"Utaona."

Alhamisi Hamis alikuja mbio, jasho linamtoka.

"Meja, mambo yameharibika! Karani Mkuu anasema umeacha kazi. Amekwisha kupata tarishi mwingine. Jumamosi anamvalisha koti lako!"

Ndoto zote zilimtoka Fikirini kwa mara moja. Siwema aliketi kizingitini akalia kwa sauti.

"Miaka yote hiyo ya mvua na jua!" alisema. "Unaitupa kazi kwa mambo ya ngoma! Mtoto wetu atakula mkanda wa Meja?"

Fikirini aliinamisha kichwa. Aliona haya, na aliogopa. Siwema alijifuta machozi, akajitanda kaniki, akaenda nyumba ya tatu kumwita Elisaria.

Elisaria alikuwa karani wa serikali, mtu wa Upare. Alikuwa pia katibu wa chama cha wafanyakazi Waafrika wa serikali.

"Hodi hapa!"

"Karibu, karani."

"Habari za nyumbani?"

"Njema," Fikirini alijibu, na huku uso wake ni wa msiba.

Alieleza yote. Elisaria alianza kucheka. Alipomwona Siwema amenuna, akakohoa, akaacha.

"Fikirini, ndugu yangu. Lile koti ni la nani?"

"La Gavana."

"Hapana. Ni la serikali. Gavana amepewa kazi kama wewe ulivyopewa. Yeye akiondoka, afisi inabaki na kazi yako inabaki. Hakuna aliyekuambia uvue."

"Lakini yeye ndiye mkuu wa Baraza. Akisema neno, si limekuwa sheria?"

"Sivyo. Kwanza sheria huandikwa, nayo huitwa muswada. Muswada hutangazwa katika gazeti la serikali ili watu waujue. Halafu husomwa katika Baraza mara tatu. Wajumbe huuliza, hubishana, hurekebisha. Ukipita, ndipo hutiwa saini. Na sheria ya zamani inaendelea mpaka ifutwe kwa njia hiyo hiyo."

"Basi mkuu mpya hana nguvu?" Hamis aliuliza.

"Anazo, tena nyingi. Wajumbe wengi mle ni watu wa serikali yake, sikudanganyi. Lakini hata yeye hupita njia hiyo. Haji na fagio."

Siwema alikuwa akisikiliza sana. "Na sisi wenye hofu, karani? Tukaseme wapi?"

"Hapo ndipo tunapokosea, shemeji. Tunasema kwenye kahawa, na maneno yanaishia kwenye kahawa. Wafanyakazi tuna chama. Maoni huletwa mkutanoni, tukakubaliana, yakaandikwa. Mkuu wa kazi huyapokea, akayapeleka juu. Uvumi hauna wa kuupokea."

"Sasa mimi nifanyeje?" Fikirini aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kesho alfajiri uwe mlangoni pa Karani Mkuu. Sema kweli yote."

"Hata habari ya beni?"

"Hiyo hasa."

Ijumaa Fikirini alisimama mbele ya meza ile ile.

"Wewe si umeacha kazi?" Karani Mkuu aliuliza.

"Sikuacha, bwana. Nilikuwa nangoja kurudishiwa."

Akaeleza yote, Kingi, mikanda, na adabu ya kuvua. Karani Mkuu aligeukia dirishani. Mabega yake yalitikisika. Alipogeuka tena, uso ulikuwa mkavu.

"Siku ulizolala zinakatwa katika likizo yako," alisema. "Siku nyingine usipofahamu jambo, uliza. Mdomo huna? Yule tarishi mpya nitamwambia asije. Chukua koti lako, utoke."

Fikirini alilivaa pale pale, juu ya kanzu. Halafu alitimka mpaka bustanini, maana alimjua rafiki yake. Loo! Hamis alikuwa amekwisha kufunga jembe, reki na mkasi kwa kamba ya katani, tayari kuviweka miguuni pa mkubwa wake.

"Fungua!" Fikirini alipiga kelele. "Fungua kamba hiyo, wewe! Njoo Jumapili mkutanoni!"

Jumapili uani kwa Elisaria hapakuwa na pa kukanyaga. Makarani walikuja, na matarishi, na wapishi, na watunza bustani. Kila mmoja, isipokuwa Fikirini, alisema maoni yake juu ya mkuu mpya wa Baraza. Aliyekuwa na hofu aliisema, na akajibiwa. Mwisho walikubaliana kuomba makoti ya mvua kwa wafanyakazi wote wa nje. Ombi likapelekwa kwa njia yake.

Gavana mpya alifika, akaongoza Baraza, na hakuna aliyeachishwa kwa ajili ya kuja kwake. Mpishi wa hospitali alifungua mizigo yake. Kabla ya masika makoti ya mvua yalifika. Siku za masika Fikirini alitembea ndani ya mvua kama mtu aliye chini ya bahari, mkavu, akitabasamu peke yake.

Wafanyakazi walipokutana tena uani, Elisaria alimgeukia.

"Fikirini, mara ile hukusema kitu. Una maoni gani juu ya mkuu mpya?"

Watu wakangoja. Wengine walikwisha kutabasamu, maana habari ya koti ilikuwa imezagaa mji mzima.

"Juu yake sina neno," Fikirini alisema polepole. "Nilipeleka karatasi katika Baraza lao, nikaingia mpaka ndani. Nimeona viti. Viti vizuri, vya ngozi. Nimeona Wazungu wamekaa, nimeona Wahindi wamekaa. Sikuona kiti cha Mwafrika hata kimoja. Na sheria ni zetu sote. Mimi nauliza, chetu kitawekwa lini?"

Hakuna aliyecheka. Elisaria alishika kalamu, lakini hakuandika bado.

"Neno hili ni zito," alisema. "Liandikwe?"

Hamis ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono. Kisha ikanyooka mikono yote.