Mikono Mitupu kwa Mama Mkwe

Mgeni alitokea migombani mchana, ukungu ukiwa bado umetanda. Mbwa hakubweka. Kokugonza alikuwa ameketi mlangoni akimenya ebitoke, ndizi za kupika. Alipoinua macho, alimwona mwanamume mwenye sare ya kijani amesimama kimya mbele yake, maji yakimchuruzika kofiani.

"Hodi hapa," mgeni alisema.

"Karibu, waitu, mwenzetu. Umenishtua! Sikusikia hata hatua zako."

"Nisamehe, mama. Ni mazoea ya kazi. Lori la ushirika limekwama matopeni hapo Nshamba, na mvua inanyesha. Naomba kujikinga."

Alisema jina lake ni Lukmani, kwao ni Bakoba, Bukoba mjini. Alikuwa askari wa wanyamapori katika kisiwa cha Rubondo.

Kisu kilisimama mkononi mwa Kokugonza. Rubondo ndiko alikozaliwa. Alikuwa msichana watu walipohamishwa kisiwani ili wanyama wahifadhiwe. Wao walipanda mtumbwi na mizigo yao. Mama yake alibaki kaburini, ndani ya kibanja chao, katikati ya migomba. Sasa kisiwa kimekuwa Hifadhi ya Taifa, na Kokugonza hajawahi kurudi. Kila mwaka aliogopa kwamba msitu utalifunika kaburi lile, naye asiweze kulitambua tena.

Alimwita mumewe, Datius. Mgeni alipewa kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi.

"Mungu amekuleta," Datius alisema. "Mvua zikiisha tunakwenda huko huko. Mke wangu anataka kuliona kaburi la mama yake. Mimi nataka kumwona tembo kabla sijafa."

"Mmejiandaaje?"

"Kujiandaa nini? Tutapata mtumbwi, tutashuka, tutatembea. Huyu amezaliwa pale. Tukipotea, tutatafuta migomba. Ukiona migomba, umefika kwa watu."

Lukmani hakucheka.

"Bwana Datius, kule migomba ipo. Watu hawapo."

Matone ya mvua yalisikika juu ya majani.

"Njia anazozijua mama zimekwisha kumezwa na msitu," Lukmani aliendelea. "Na mtu wa huku akipotea, miguu yake humpeleka migombani. Tembo nao huenda huko huko kula. Sokwe pia."

"Sokwe?" Kokugonza aliuliza. "Zamani hawakuwapo."

"Waliletwa kutoka Ulaya. Huko walikuwa wamefungwa vizimbani, wakilishwa na watu. Ndiyo maana baadhi yao hawamkimbii mtu. Wakinusa chakula, wanamfuata."

Datius alisogeza kigoda chake karibu na mkewe. Kokugonza alimtazama kwa jicho la pembeni.

"Kumbe tembo ulitaka kumwona kwenye picha?"

"Nyamaza, mwanamke! Naona baridi tu."

Lukmani aliwaeleza taratibu, kama mwalimu wa kisomo. Kwanza wafike ofisi ya hifadhi, wapate kibali na askari wa kuwaongoza. Wavae viatu vilivyofunika mguu, na nguo ndefu zenye rangi ya vumbi. Mbung'o hupenda rangi nyeusi na buluu, na mbung'o anaweza kuleta ugonjwa wa malale. Wachemshe maji ya kunywa na kuyabeba. Wamwambie balozi wa nyumba kumi siku watakayorudi, ili wakichelewa watafutwe.

"Na msibebe ndizi mbivu porini," alisema. "Harufu yake hufika mbali."

Kisha alimgeukia Kokugonza.

"Mama, kuna jambo moja zaidi. Mimi ndiye nitakayewaongoza. Nikisema turudi, turudi. Hata kama umebakiza hatua chache. Unaniahidi?"

"Nakuahidi," Kokugonza alisema.

Wakati huo ilionekana ahadi nyepesi.

Mvua zilikwisha. Kokugonza alishona suruali mbili za kaki. Alichemsha maji na kuyatia kwenye vibuyu. Balozi aliambiwa siku ya kurudi. Walisafiri kwa basi, kisha kwa mtumbwi wa injini. Lukmani aliwapokea ufukweni, bunduki begani.

Asubuhi waliingia msituni, wakifuatana. Lukmani alitangulia, Kokugonza katikati, Datius nyuma. Miti ilikuwa imefungana juu, na jua halikufika chini. Wakati mmoja, kando ya ziwa, waliona nzohe, swala wa majini, amesimama kwenye matete, maji yakimfika tumboni. Aliwatazama, kisha akazama polepole mpaka ikabaki pua tu. Datius alisahau hofu yake, akatabasamu.

Lakini baadaye Kokugonza alianza kusikia hatua nyingine.

Wakitembea, zilitembea. Wakisimama, zilisimama. Kulikuwa na kikohozi kidogo upande wa kushoto, kama cha mzee anayepanda mlima.

"Ni nani yule?" alinong'ona.

"Tembea tu, mama," Lukmani alisema. "Usikimbie."

Walitokea mahali penye uwazi. Mbele yao ilisimama migomba mizee, iliyosongamana, isiyopogolewa na mtu kwa miaka mingi. Hapakuwa na moshi. Hapakuwa na kuku. Chini ya mgomba wa mwisho yalionekana mawe yaliyopangwa, yamefunikwa na majani makavu.

"Pale!" alisema. "Ni yeye. Ni mama."

Lukmani hakutazama mawe. Alikuwa akinusa hewa. Ndege wote walikuwa wamenyamaza.

"Nani ana ndizi mbivu?" aliuliza.

Datius alifungua koti lake. Ndani yake kulikuwa na kichane cha ndizi tamu, kimefungwa kwa kitambaa safi.

"Ningefanyaje?" alisema. "Nakwenda kwa mama mkwe kwa mara ya kwanza. Niende mikono mitupu? Watu wangesema nini?"

Kichakani, karibu sana, kitu kilishusha pumzi. Majani yalifunguka. Uso mweusi ulitokea, wenye mikunjo kama uso wa bibi. Macho hayakumtazama Kokugonza. Yalitazama koti la Datius. Mkono mrefu ulinyooka, kiganja juu, kama wa mtu anayeomba.

Datius alitaka kuzitupa ndizi.

"Usitupe!" Lukmani alimzuia. "Akizipata leo, kesho atamvamia mwingine kwa kuzitafuta." Alizichukua, akazikunja ndani ya koti lake la mvua, akalifunga kwa kamba. "Huyu hayuko peke yake. Turudi."

"Lakini kaburi liko pale!" Datius alisema. "Kokugonza, kimbia uliguse tu. Kosa ni langu, mimi nitabaki hapa."

Kokugonza aliyatazama mawe. Njia ilikuwa wazi. Alihesabu miaka yote aliyongoja, akamtazama mumewe aliyetokwa na jasho, akamtazama Lukmani. Lukmani hakurudia neno lake. Alimngoja tu.

"Waitu mama, ni mimi," Kokugonza alisema kwa Kihaya, kwa sauti ya chini. "Mkweo hakuja mikono mitupu. Nami nimefika mpaka hapa."

Kisha aligeuka.

Walirudi polepole, Kokugonza mbele, Lukmani nyuma, Datius sasa akiwa katikati, ameshika mkanda wa mkewe kwa nyuma bila kuona haya. Nyuma yao mgomba mmoja ulivunjika kwa kishindo. Ukafuata mwingine. Kitu kizito, bila shaka tembo, kilikuwa kikipita juu ya majani makavu, pale pale kwenye mawe.

Baadaye hatua zilianza tena, nyepesi, zikiwafuata kwa mbali, kama mwenyeji anayesindikiza wageni wake. Machozi yalimtiririka Kokugonza. Hakugeuza kichwa mpaka walipofika kwenye mtumbwi.