Sindano ya Goti la Yosefina

Mpunga wa Yosefina na mumewe Gasper ulikuwa umeiva. Shamba lao liko bondeni, nje ya Ifakara. Lakini goti la Yosefina lilikuwa limevimba kama boga changa. Kufika shambani hawezi.

Jumatatu daktari alimchoma sindano ndani ya goti. Akamwambia, "Pumzika siku mbili."

Mchana goti halikuuma hata kidogo. Yosefina akafagia uwanja, akatwanga mpunga, akaimba.

Jioni maumivu yakarudi.

"Dawa imeisha," Gasper alimwambia mkewe. "Kesho twende duka la dawa wakuchome nyingine. Ndege wanamaliza mpunga, mama Klementina!"

"Na mimi je, nani ananimaliza?"

Asubuhi walipokuwa wanatoka, jirani yao Nesi Zena akapita.

"Shikamooni. Safari ya wapi?"

"Marahaba. Tunafuata sindano ya pili," Gasper alijibu. "Ya jana imeisha nguvu."

Zena akatua kikapu chake. "Ngojeni kwanza. Kitendawili!"

"Tega."

"Wageni wangu waliingia pamoja, wanatoka mmoja mmoja."

"Wanafunzi," Gasper alisema upesi.

"Hujapata. Nipe mji."

"Haya, chukua Mang'ula."

"Nimefika Mang'ula, nimekula, nimeshiba. Jibu ni dawa iliyomo gotini mwa mama."

Wakacheka. Kisha Zena akaeleza.

"Sindano ile ilikuwa na dawa mbili. Moja ni ya ganzi. Hiyo ndiyo iliyoisha jana. Nyingine ina chembe ndogo sana. Chumvi ya unga ukiitia majini inayeyuka mara moja. Chumvi ya mawe inakawia, sivyo? Wataalamu wameitengeneza dawa hii ikawie hivyo. Inakaa gotini, inatuliza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Nafuu huja baada ya siku chache, pengine wiki."

"Na tukiongeza?" Gasper aliuliza.

"Ikizidi, inaweza kuharibu goti lenyewe. Daktari ndiye anayepanga, na huacha miezi ipite. Ila goti likiwa jekundu na la moto, au ukipata homa, rudi hospitali siku hiyohiyo."

Gasper akachukua mundu. "Basi nitaanza kuvuna peke yangu."

Yosefina alipumzika. Jumatatu iliyofuata alikwenda shambani polepole. Ndege walikuwa wamekula kona nzima. Aliitazama, akaketi kidogo kwenye tuta. Gasper akanyoosha mkono amwinue.

Yosefina alikuwa ameshasimama.

"Mkono huo upe kazi," alisema. "Funga miganda."