Mtoto Asiyelia

Kila asubuhi Hinda alipanga foleni jikoni, akapokea ndoo ya maziwa yaliyochemshwa na kuipeleka chumba cha akina mama wenye watoto wachanga. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini Wayahudi waliookoka hawakuwa na kwao pa kurudi. Walikaa kambini hapa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, katika majengo ya zamani ya jeshi, wakisubiri nchi itakayowapokea. Hinda hakuwa na baba wala mama. Alikuwa amechoka, uchovu ule usiotoka hata ukilala kutwa nzima.

“Umechelewa, bibi harusi!” Fruma, mmoja wa akina mama hao, alimtania. “Au maziwa yamegeuka jibini njiani?”

“Kesho yafuate wewe, shangazi, mwenye mikono minene.”

Wanawake walicheka kidogo. Bluma hakucheka. Alijikunyata kitandani pembeni, amemfunika mwanawe Lemel blanketi hadi puani. Lemel alizaliwa katika kambi ya Wanazi, siku za mwisho za vita. Huko mtoto mchanga akisikika tu, yeye na mama yake wamekwisha. Bluma alimziba mdomo kwa kiganja kila alipotaka kulia, mpaka mtoto akaacha kabisa.

Hinda alimgusa paji la uso. “Dada, anaungua!”

“Nyamaza! Nesi Perla anapita leo. Akiuliza, sema mtoto mzima, amelala. Niapie.”

Hinda alielewa. Kule kwa Wanazi, mgonjwa aliyechaguliwa na daktari mwenye koti jeupe hakurudi tena. Watoto nao waliuawa, na Hinda alipona kwa sababu alidanganya kwamba ana miaka kumi na sita. Uongo huo hakuuacha hadi leo.

Nesi Perla aliingia, akawapima watoto mmoja mmoja.

“Na huyu wa pembeni?”

“Amelala,” alijibu Hinda.

“Mzima?”

“Mzima.”

Nesi akaelekea mlangoni. Chini ya blanketi, kifua cha Lemel kilipanda na kushuka mbiombio. Alifungua mdomo kama anayelia, lakini sauti haikutoka. Hinda alishindwa kuvumilia.

“Nesi, nimedanganya! Anaumwa sana.”

“Nyoka wewe!” Bluma alipiga kelele, akimkumbatia mwanawe. “Umeniulia mtoto!”

Perla hakumnyang'anya. Alivua koti lake jeupe, akalitupa sakafuni. Mkononi mwake ilionekana namba ya bluu, waliyochorwa ngozini wafungwa wa Wanazi.

“Na mimi nilisimama mbele ya makoti haya, mdogo wangu. Mbebe mwenyewe, twende zahanati. Utalala naye huko huko. Hakuna atakayemtoa mikononi mwako.”

Bluma alimwinua mwanawe, akasimama. Ilikuwa homa ya mapafu.

Siku kadhaa Hinda alipeleka maziwa zahanati, na Bluma akampa kisogo. Iliuma, lakini aliendelea kuja. Asubuhi moja, alipokuwa akimimina maziwa, Lemel alikunja uso, akaangua kilio kilichojaa chumba kizima. Mkono wa Bluma uliruka kwenda kumziba. Perla akaushika.

“Mwache alie.”

Mkono ule ukashuka. Bluma akalia pamoja na mwanawe, akasogea kitandani. “Kaa hapa, Hinda. Nilikuita nyoka. Nisamehe.”

Baadaye Perla alimsindikiza Hinda hadi mlangoni. “Kule tuliwadanganya wauaji, tukapona. Sikulaumu wewe wala Bluma. Lakini ukimficha ugonjwa anayetaka kukutibu, unamaliza kazi waliyoiacha wao. Ukweli uliousema ndio uliomponya Lemel.” Akamwangalia. “Haya, una miaka mingapi?”

“Kumi na...” Hinda alisita, machozi yakimlengalenga. “Kumi na mitatu, nesi.”

“Basi mahali pako ni shuleni. Maziwa atayabeba Fruma mwenye mikono minene.”

Hinda akaiweka ndoo chini.