Tafuta Wifi Kwanza, Laini Baadaye

Maandishi mekundu yakatokea kwenye kioo cha simu yangu…

"Msimbo huu umeshatumika kwenye simu nyingine."

Nikakifuta kioo kwa upindo wa nguo nikidhani macho yangu yananidanganya. Nikasoma tena. Yale yale.

Nipo nchi ya watu. Laini ya nyumbani imekufa tangu tutue. Mama mkwe kakaa pembeni yangu juu ya sanduku, macho yake hayamwonyeshi hata mlango ulipo. Na ile laini ya intaneti tuliyonunuliwa kwa ajili ya safari hii, kuna mtu ameshaitumia!

Na huyo mtu nilimjua. Wifi yangu, dada wa mume wangu. Nani mwingine alikuwa nayo?

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana nikianzia hapa mtanihukumu vibaya.

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu ni fundi majokofu, yale makubwa kama chumba, ya kuhifadhia nyama na samaki. Akishaingia humo kufanya kazi, mtandao unabaki mlangoni, humpati mpaka atoke.

Mama yake alianza kupoteza macho polepole. La kushoto likaenda kabisa. La kulia likabaki na ukungu. Tukaambiwa kile kioo cha mbele ya jicho, wenyewe wanakiita konea, kimeharibika, na inabidi awekewe cha mtu mwingine. Kazi hiyo kwetu haifanyiki, tukapata kliniki nje ya nchi.

Kliniki walikuwa na sharti moja tu. Konea ikishapatikana haikai sana. Mgonjwa afike mchana wa siku aliyopangiwa, kabla mapokezi hayajafunga. Asipofika, anapewa anayefuata, na yeye anarudi mwisho wa foleni. Na daktari wa huku nyumbani alishatuambia, lile jicho la kulia halina subira ya foleni nyingine.

Kwa hiyo siku hiyo ilikuwa ni leo au giza. Mnanielewa?

Pasipoti ya mume wangu ilikuwa imekwisha muda, safari ikaniangukia mimi.

Sasa huyo wifi anaishi huko huko tulikokuwa tunakwenda, anafua mashuka kwenye hoteli. Mimi na yeye hatuongei. Aliwahi kusema mbele za wageni kwamba suruali niliyomshonea kaka yake inaonekana kama ya kuazima. Mimi, fundi! Tangu siku ile jina lake halitajwi nyumbani kwangu, na mume wangu anajua.

Lakini ndiye aliyetununulia eSIM. Kwa msioijua, hiyo ni laini isiyo na kadi. Unatumiwa kichoro cha miraba miraba myeusi, unakipiga picha kwa simu, laini inaingia yenyewe. Ukitua nchi ya watu intaneti inawaka, huna haja ya kuhangaika na vibanda vya laini. Nikaipokea shingo upande. Mume wangu akakichapisha kile kichoro kwenye karatasi, akanipa.

Asubuhi ya safari yeye alishakwenda kazini. Tukiwa tunasubiri kupanda ndege, ujumbe wake ukaingia.

"Ukitua tafuta wifi kwanza. Laini baadaye. Anwani na kila kitu utapata kwa wifi."

Mume wangu anaandika kana kwamba kila neno linakatwa kodi. Nikamjibu "sawa" na roho yangu kwatu, kwa sababu hata fundi simu wa mtaani kwetu aliniambia hivyo hivyo. Ile laini haiingii mpaka uwe na intaneti ya kuanzia. Nikawaza, basi nikishika wifi ya uwanjani naingiza laini, naingiza laini napata anwani ya kliniki, naita teksi, kazi imekwisha.

Tukatua. Nikamshika mama mkono, tukachukua sanduku, nikaanza kutafuta wifi.

Wifi ya uwanja ilikuwepo, bure kabisa, ila ilitaka nywila. Nywila yenyewe wanakutumia kwa ujumbe kwenye namba yako ya simu. Namba yangu ya simu ndiyo hiyo iliyokufa… Yaani ili upate mtandao, uwe na mtandao. Nikawaza aliyebuni kitu hiki nikutane naye siku moja, peke yetu, nikiwa na mkasi wangu.

Nikamuuliza mlinzi kwa maneno machache ya lugha yao niliyokuwa nayo, mengine nikamalizia kwa mikono. Akanionyesha mgahawa ulio ndani, karibu na mahali pa kubadilishia fedha. Ukinunua chai, nywila inakuja imeandikwa kwenye risiti.

"Mwanangu, si tutoke tu nje?" mama akaniuliza.

"Mama, nje hakuna wifi. Iko huku ndani."

Kumbukeni jibu langu hilo.

Nikanunua chai. Nywila ilikuwa ndefu kama sala ya kufungia mkutano, herufi kubwa, ndogo, alama. Nikakosea, nikarudia, nikakosea. Ikashika. Ikakatika. Ikashika tena kidogo tu, simu yangu ikapumua, ikakatika.

"Mwanangu," mama akasema, "huu mkoba wangu unatetemeka."

"Ni uchovu wa ndege, mama. Tulia kidogo."

"Nimesema mkoba. Sikusema mimi."

Sikumsikiliza. Kichwa kilikuwa kinachemka. Tuna grupu la familia, limefunguliwa kwa ajili ya matibabu ya mama, na wote walikuwa wanasubiri kusikia tumefikaje. Wifi iliposhika tena nikaandika humo haraka haraka, kwa hasira zangu zote:

"Tumefika salama. Ila wifi hovyo kabisa. Nimehangaika bure. Bora tungekuja bila kutegemea wifi."

Nikatuma. Ikaenda. Nikatoa ile karatasi, nikakipiga picha kichoro… na ndipo yakatokea yale maandishi mekundu.

Msimbo umeshatumika.

Jamani, nililia. Nililia pale mgahawani mbele ya watu na vikombe vyao. Nikamwona wifi kabisa akilini, kakaa kitandani anatumia bando la kumpeleka mama yake hospitali. Nikasema huyu aliona kunidhalilisha kwa suruali hakutoshi, sasa anaua jicho la mama yake ili mimi nionekane sifai. Nikampigia mume wangu, wifi ikakatika. Na hata isingekatika, saa hizo yupo ndani ya jokofu lake.

Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda. Mchana ulikuwa unaisha na mimi sijui hata jina la mtaa.

"Mwanangu," mama akasema tena, safari hii kwa ile sauti ya mtu aliyelea watoto, "tia mkono kwenye huu mkoba kabla sijautupa."

Nikautia, kumridhisha tu.

Ilikuwa simu yake. Niliiweka kimya mwenyewe kabla ya kupanda ndege kwa sababu shangazi zake walikuwa hawaishi kutuma sauti za kumwombea. Inatetemeka. Juu ya kioo, alama ya intaneti imejaa mpaka mwisho. Chini yake foleni ya simu ambazo hazikupokelewa, zote kutoka kwa "Kitinda Mimba".

Kitinda mimba wa mama mkwe ndiye wifi yangu.

Nikapokea. Kabla sijasema haloo, sauti ikaniwahi.

"Mama? Mko wapi? Nipo hapa mlango wa kutokea tangu ndege yenu itue. Teksi imesimama, kliniki wananipigia. Mama, mko wapi?"

Nikakaa juu ya sanduku, karibu nimkalie mama.

Tafuta wifi kwanza… Kila kitu utapata kwa wifi…

Angeongeza neno moja tu! Yako. Wifi yako. Herufi nne, mume wangu, herufi nne tu zimekushinda!

Nikamuuliza mama intaneti imeingiaje kwenye simu yake. Akajibu bila wasiwasi kwamba mwanawe aliichukua jana, akaipiga picha ile karatasi yetu, akasema anajaribu kuona kama inasoma. Na kweli ilisoma. Laini ikaingia kwenye simu ya mama na kukaa zake humo, na kichoro kile kikitumika mara moja basi, hakitumiki tena. Yeye kama fundi akaridhika, akanikabidhi karatasi tupu.

Nikalivuta sanduku, nikamvuta mama, tukatoka.

Mlango ulikuwa pale pale, jirani na mgahawa. Nje yake alisimama wifi yangu, bado na sare ya kazini, kashika boksi lililochanwa, limeandikwa MAMA kwa kalamu nene. Kwa mtu asiyeona vizuri aliandika herufi kubwa kama mlango.

Macho yake yalikuwa mekundu. Akamkumbatia mama. Mimi akanipita, akachukua sanduku, akatangulia kwenye teksi.

Nikajua kuna kitu zaidi ya suruali.

Ndani ya gari nikaunganisha simu yangu na intaneti ya simu ya mama, grupu la familia likafunguka… na nikatamani dereva anishushe popote.

Baba mdogo: "Mkwe, mambo kama hayo si ya kuandika hapa."

Shangazi mkubwa katuma sauti ndefu. Sikuifungua, nilijua iliyomo.

Mwingine akauliza kama nimeshikwa na kichaa cha ndege, mtu aache kazi yake kuja kunipokea halafu nimwite hovyo mbele ya ukoo.

Na chini yao, wifi mwenyewe.

"Sawa, nimesoma. Nipo mlango wa kutokea, nimeshika kibao. Mimi usiniongeleshe, mlete tu mama, daktari anasubiri."

Alinisoma nikimtukana mbele ya ndugu zake wote, na akabaki amesimama pale na boksi lake, anapiga simu na kupiga tena.

Nikamgusa bega.

"Wifi," nikasema. "Nilikuwa naisema wifi."

"Nimeona. Umeandika wazi."

"Hapana. Wifi ya uwanja. Intaneti! Ndiyo iliyokuwa hovyo, ilikuwa inakatika. Sikujua kama upo. Kaka yako aliniandikia nitafute wifi, mimi nikaenda kutafuta nywila."

Akageuka. Akanitazama muda mrefu, kama anayetafuta uongo usoni kwangu. Nikampa simu akasoma ujumbe wa kaka yake. Akausoma tena. Midomo ikaanza kumcheza.

"Umenitafuta kwenye risiti ya chai?"

"Nimekutafuta kwenye risiti ya chai."

Akacheka mpaka akalalia dirisha. Nami nikacheka huku nalia. Mama akauliza kama tumemaliza, maana yeye alikuwa na safari ya kwenda kuona.

Tulifika kliniki mapokezi wanafunga pazia. Mgonjwa aliyefuata alikuwa ameshakaa kwenye kiti, kavalishwa gauni la kijani. Wifi akatangulia mbele na karatasi za mama alizotumiwa na kliniki, akaongea na yule mhudumu kwa lugha yao, haraka, kwa adabu, bila kumpa nafasi ya kusema hapana. Mimi ningekuwa peke yangu hapo, hata ningekuwa na bando la nchi nzima, ningesema nini?

Mama akaingia ndani.

Kesho yake, bandeji ilipotolewa, tulikuwa wote wawili mbele yake. Akapepesa jicho la kulia. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, hana haraka.

"Kumbe mnafanana," akasema. "Hasa mkinuna."

Kisha akamwambia binti yake kwamba gauni alilovaa yeye mama limeshonwa na mkwe wake, na sasa analiona, na halijakaa kama la kuazima. Wifi akainamisha kichwa. Akaniomba nimpunguzie sare yake kiunoni kabla sijaondoka. Kwangu hiyo ilikuwa samahani tosha.

Sasa nikasema nisafishe hali ya hewa kwenye grupu. Ukoo mzima unaniona mshenzi, lazima niandike kitu. Nikaandika kwa moyo mweupe:

"Mama anaona. Nasema wazi mbele yenu wote, bila wifi tungepotea. Wifi safi sana, sina la kuongeza."

Mume wangu alikuwa ndiyo kwanza ametoka tena kwenye jokofu lake. Hakusoma ya juu. Akasoma hiyo ya mwisho tu, akajibu:

"Alhamdulillah. Nilijua uwanja ule intaneti yake ni kali."

Simu nusura niitupe dirishani. Wifi alikaa chini kabisa, sakafuni mwa kliniki, anacheka bila sauti.

Basi ndugu zangu mnaosafiri, nawaachia hili. Laini yako ya safari iingize mapema, tena kwenye simu yako mwenyewe, na usimpe fundi yeyote aijaribu. Mama akisema mkoba unatetemeka, tia mkono. Na mume akikuandikia utafute wifi, usiseme "sawa" kama nilivyosema mimi. Muulize kwanza: mwenye nywele, au yenye nywila?