Jirani wa Upande wa Kaskazini

Ilibaki sahihi moja tu.

Jua lilikuwa linazama, nami nilikuwa natoka kwenye nyumba niliyoinunua asubuhi ile, faili kwapani, mfukoni kalamu mbili na pedi ya wino. Shughuli yenyewe ilikuwa ya dakika tano. Kumtafuta jirani wa kaskazini, atie sahihi kwenye hati ya mauziano, nirudi nikale.

Naitwa Revelian. Kwa miaka kumi na saba nilikuwa karani wa masjala katika shirika moja la umma, mpaka mwaka 1992 lilipovunjwa tukapewa kiinua mgongo na kuambiwa kwaheri. Mke wangu, Kokushubila, alitaka turudi Bukoba. Mimi nilitaka utulivu, na Kunduchi, kule kwenye kijiji cha zamani, palikuwa na utulivu wa kukutosha mpaka uchoke. Nyumba za mawe zenye baraza pana, gofu la msikiti, makaburi ya kale ya nguzo yaliyopachikwa sahani na mabakuli ya kauri. Hata milio ya baruti za kupasulia mawe kule Wazo ilifika huku imeshachoka. Nilitaka binti yetu Bernadeta, mwenye miaka saba, akulie mahali penye historia. Mjinga mimi.

Wenyeji hawakunipenda, na mimi sikuwaamini. Miaka ile nyumba moja iliweza kuuzwa kwa watu watatu, na wote watatu wakawa na karatasi. Kwa hiyo niliisimamia hati yangu kama ya ofisini: muuzaji, mnunuzi, mjumbe, kisha majirani wa pande zote nne, kila mmoja athibitishe mpaka wake. Mashariki alitia sahihi Bi Somoe. Magharibi, Mzee Faraji. Kusini, Mzee Mudathir, ambaye pia ndiye mjumbe.

Kaskazini wakapaacha wazi.

"Huku je?" nikauliza.

"Huko hakuandikwi," alisema Mzee Mudathir.

"Hakuna mtu?"

Wakatazamana.

"Hakuandikwi, bwana. Sie hati zetu zote ziko hivyo, toka enzi za babu zetu."

Nikajisemea moyoni, hapa ndipo ninapoibiwa. Kesho atazuka mtu na kudai nusu ya ua. Nikawaambia wazi kwamba sijawahi kupokea fomu yenye nafasi tupu, wala sitaanza leo kwa ajili yao. Bi Somoe akaguna. Mfaume, aliyeniuzia, akabeba begi lake na kuondoka kwenda Tanga alasiri ileile. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Basi nikaenda mwenyewe.

Njia ya kaskazini ilikuwa nyembamba, imefunikwa na vichaka. Harufu ndiyo iliyotangulia kunipokea. Chokaa mbichi, kama iliyomwagiwa maji sasa hivi. Nikashangaa, nani anapaka nyumba chokaa saa hizi za magharibi?

Halafu nikasikia ufagio.

Shwaa... shwaa...

Bibi mmoja alikuwa anafagia mbele ya kijumba cha mawe. Amejitanda kanga mpaka usoni, mgongo umepinda. Nikafurahi. Si huyu hapa jirani wangu!

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Alifagia mpaka karibu na viatu vyangu.

"Umekuja kuniandika?" Alisema kwa mnong'ono, lakini nilimsikia kana kwamba kaniinamia sikioni.

"Ndiyo, bibi. Kama jirani yangu."

Ufagio ukasimama.

"Wote waliopita nyumba ile hawajapata kuniandika."

"Mimi nafuata utaratibu," nikajibu, tena kwa maringo. "Jina nani?"

"Andika jirani. Yatosha."

Nikaandika. Nikafungua pedi ya wino, nikamshika kidole gumba. Kilikuwa baridi. Sasa, mimi nimechukua alama za madole ya wastaafu wasio na idadi, wakulima, mabaharia, wapagazi, na kila dole lina mistari yake hata kama limechakaa vipi. Lake halikuwa na mstari hata mmoja. Liliacha doa jeusi tu, laini kama ganda la yai. Nikajiambia ni uzee na kazi za chokaa.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Sasa nimeitika."

Tulihamia kesho yake. Nilimsimamisha Bernadeta mlangoni nikampa amri zangu, maana mtoto wangu nilimlea kwa amri. Hapa tu wageni, nikamwambia, watu wanatutazama. Jirani akikutuma, nenda. Mtoto akitumwa hakatai. Usinitie aibu.

"Ndiyo, baba," akasema.

Hakuna aliyekuja kutukaribisha. Mke wangu alisalimia kisimani, wanawake wakaokota ndoo zao wakaondoka. Watoto waliitwa ndani Bernadeta alipotoka kucheza. Nilikasirika, nikawaita majina nisiyoweza kuyaandika hapa.

Ni mmoja tu aliyepiga hodi. Jioni ya kwanza, mlango wa uani. Kokushubila alinisimulia nilipotoka kuoga. Bibi wa huko nyuma alikuja kuomba moto, akampa makaa mawili kwenye kigae. Jioni ya pili alikuja kuomba chumvi, na bakuli lake alilileta mwenyewe. La kauri, lenye maua ya buluu, na kwa chini imeganda chokaa kama kitu kilichobanduliwa ukutani.

"Angalau yupo mmoja mwenye utu," alisema mke wangu.

Nilitazama upande wa kaskazini. Mtu aliyeomba moto jana, mbona kwake hakufuki moshi? Swali lilikuja, nikalifukuza. Hati yangu ilikuwa imekamilika.

Jioni ya tatu nilirudi kutoka mjini, nilikokwenda kutafuta kazi. Nyumba ilikuwa kimya.

"Bernadeta yuko wapi?"

"Jirani kamtuma," alisema Kokushubila, huku anasonga ugali. "Kaniomba mtoto wa kumsaidia kidogo."

Sijui nilijuaje. Faili lilinitoka mkononi, nikakimbia.

Harufu ya chokaa ilikuwa nzito mpaka machozi yakanitoka. Kijumba hakikuwapo. Palikuwa na kuta nne fupi za mawe, hazina paa, na katikati kaburi la nguzo lenye tundu la duara mahali lilipobanduliwa bakuli. Hapakuwa na mtu.

Lakini penye uwazi wa kuingilia zilikuwapo kandambili za Bernadeta. Amezivua, amezipanga vizuri, kama mtoto mwenye adabu aingiapo nyumba ya watu.

Nilimkuta Mzee Mudathir barazani kwake, na Bi Somoe amesimama uani. Nilipomaliza kueleza, mzee alifumba macho.

"Umemwandika? Kwa mkono wako?"

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulikwambia hakuandikwi. Ukatuona wezi." Hakupandisha sauti, na hilo liliniuma zaidi. "Sie tunaishi naye miaka yote, bwana. Lakini hajawa jirani yetu. Jirani ana haki zake. Anaomba moto, unampa. Anaomba chumvi, unampa. Mwanao anamtuma."

"Twendeni basi, wazee wangu. Nakuombeni."

"Sie hatuendi," alisema Bi Somoe. "Jirani wako wewe."

"Kapige hodi," akaongeza mzee. "Muombe mtoto wako kwa adabu. Usimtukane, wala usimtaje Mungu kwa hasira."

Nikarudi peke yangu. Kiza kilikuwa kinaingia. Nilisimama mbele ya kandambili za mwanangu, nikapiga hodi kwenye kuta zisizo na mlango.

"Hodi..."

Nikapiga tena.

"Hodi, jirani..."

"Karibu."

Sauti ilitoka chini.

"Nimemfuata mtoto, bibi."

"Bado ana kazi."

"Mama yake anamwita. Tafadhali, bibi. Nakuomba."

Shwaa... shwaa... Ufagio ulipita ndani ya ukuta, polepole, ukanyamaza.

"Mchukue. Nitamtuma tena."

Bernadeta akatokea nyuma ya nguzo. Mzima. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa chokaa mpaka viwikoni, na alikuwa anatabasamu.

"Baba, na mimi nimepata nyumba! Bibi amenifundisha kuipaka. Ona..."

Sikutaka kuona, nikaona. Pembeni ya kaburi palikuwa na jingine, dogo, la mawe mapya. Chokaa yake ilikuwa haijakauka. Urefu wake ulikuwa urefu wa mtoto wa miaka saba.

Nilimbeba nikakimbia. Wiki haikuisha tukawa tumehamia Temeke, chumba kimoja cha kupanga, majirani kila upande, kelele usiku na mchana. Nyumba ya Kunduchi niliiacha na milango wazi. Hati niliichoma. Karatasi iliungua yote, isipokuwa kipande kimoja chenye doa jeusi. Hicho nilikikanyaga, nikakifukia.

Mwezi uliopita Kokushubila alikutana sokoni na Bi Somoe, kaja kuuza samaki. Kwa mara ya kwanza yule mama alimsalimia. Kisha akamwambia, "Kandambili za mwanao bado ziko pale pale. Sie hatuzigusi."

Nilimbeba mtoto nikasahau viatu.

Tangu siku ile niliyombeba kule kaburini, kila magharibi, Bernadeta huinua kichwa na kuitika: "Abee!" Sisi kwetu watoto hawaitiki hivyo. Mimi sijamfundisha, mama yake hajamfundisha. Huinuka na kuukabili ukuta wa kaskazini, akisubiri. Mimi humshika mkono mpaka giza limalize kuingia. Hashindani nami. Namwogopa mwanangu, na namwogopea, na siwezi kuvitenganisha.

Jana aliniuliza, kwa upole, "Baba, si ulisema mtoto akitumwa hakatai?"

"Nilikosea," nikamwambia. "Huendi. Huna hata viatu vya kuendea."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto.

"Viatu viko mlangoni, baba. Mie nimo ndani."

Nikaubana mkono wake. Ulikuwa baridi, na chumba kizima kilinuka chokaa mbichi.