Sauti ya Mume wa Wakio

Mwanamume alikuwa akicheka chumbani mwa Sylus, na Wakio alikuwa akicheka naye.

Sylus alisimama sebuleni, mkate mkononi. Siku hiyo stima ilikuwa imepotea Voi nzima, akatoka kazini mapema bila kumwarifu mtu. Alitaka kuita, lakini hakuwa na cha kuitia. Tangu madaktari wa Mombasa wamtoe uvimbe kooni, kilichobaki kilikuwa mnong'ono wa kukwaruza, na huo hakutaka mtu ausikie, hata mkewe. Alizungumza kwa kuandika kwenye simu.

Yule mwanamume akasema, "Wakio, huyo dada usimwamini. Tazama anavyoshika kikombe."

Sauti ile aliijua. Ilikuwa yake mwenyewe.

Alisukuma mlango. Wakio alikuwa amelala peke yake, amefumba macho, simu kando ya sikio. Alipomwona aliizima haraka, kama mtu aliyefumaniwa.

"Umerudi saa hizi?" aliuliza.

Sylus aliuweka mkate mezani, akatoka nje.

Kabla hawajaoana, kulikuwa na tamthilia ya runinga iliyoitwa Njia ya Mkonge, kisa cha familia iliyogombania shamba kule Mwatate. Watu wa Taita waliipenda kwa kuwa walijiona ndani yake, lakini kituo kiliikatiza baada ya vipindi sita tu. Sylus alikuwa MC wa harusi, Wakio msusi pale sokoni. Walikuwa wakikaa pamoja, wanatazama kipindi huku wanajirekodi wakikichambua, kisha wanaiweka sauti hiyo mtandaoni. Mashabiki waliifungua tamthilia upande mmoja na wao wawili upande wa pili, wakifurahia wanavyobishana. Katikati ya kipindi cha nne Sylus alimuuliza kama angekubali kuolewa, akakubali, na wasikilizaji wote wakasikia. Kipindi cha sita hawakuwahi kukirekodi. Koo lilikuwa limeanza kuuma.

Kesho yake, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la binamu yake alikokuwa akifanya kazi, Sylus alifungua ule ukurasa wao. Hakuwa ameugusa tangu augue.

"Pole sana dada Wakio. Mungu amlaze Sylus mahali pema."

"Huku Taveta bado tunamlilia. Sauti kama ile haitapatikana tena."

Chini yake mkewe alikuwa amejibu: "Asanteni. Nyumba imekuwa kimya sana."

Mteja aliuliza bei ya misumari, akauliza tena, akaenda zake. Sylus alikuwa bado amesimama palepale. Ndipo alipoelewa kwa nini Wakio siku hizi alimwekea chakula bila neno, kwa nini aliacha kumpigia hadithi za saluni. Alikuwa ameishi ndani ya nyumba yake kama mzimu, na hakuna aliyemwambia.

Akamwandikia: "Nimesoma. Kumbe mimi ni marehemu. Naenda kwa mama, kule Sagalla."

Wakio alipiga simu jioni ile. Sylus aliipokea, akaiweka sikioni tu.

"Najua unanisikia," Wakio alisema. Alingoja. "Kohoa basi, nijue ni wewe."

Hakukohoa. Walisikilizana pumzi mpaka laini ikakatika.

Mama yake, Loise, hakumuuliza mengi. Alimwambia tu kwamba mke haachwi kwa ujumbe wa simu, kisha akamtuma maji. Jumapili, watu wakitoka kanisani, bodaboda ilipanda mlima ikiwa na Wakio, nguo yote vumbi. Alimkuta Sylus kwenye tangi akijaza mitungi na mama yake. Loise alibeba mtungi wake, akawaacha.

"Mimi sikusema umekufa," Wakio alianza. "Mmoja alisikia unaumwa, mwingine akaongeza yake. Nilipoona pole zao nilitaka kuwasahihisha. Nikashika simu, nikajikuta nalia. Hakuna mtu alikuwa amenipa pole, Sylus. Wote waliniambia nishukuru, mume amepona."

Sylus aliandika, akamwonyesha kioo cha simu: "Kwa hivyo ulitaka nife."

"Nilitaka unisemeshe. Unaniandikia chumvi imeisha, unaniandikia funga mlango. Mwaka mzima. Yule wa kwenye simu hata akinicheka nilijua ananipenda. Wewe sijui."

Sylus aliitia simu mfukoni, akamsogelea, akainamia sikio lake.

"Naona aibu," alinong'ona.

"Sema tena."

"Naona aibu, Wakio. Naongea kama nyoka."

Wakio aliinua mkono, akaweka kiganja kwenye kovu la koo lake, akauacha hapo. Maji yalifurika mtungini, yakamwagika, mahali ambapo maji hayamwagwi ovyo, na hakuna aliyegeuka.

Kipindi cha sita walikirekodi sebuleni kwa Loise. Wakio alianza kwa kuwaambia wasikilizaji ukweli: mumewe yuko hai, yeye ndiye aliyewaacha waomboleze, na anaomba radhi. Kisha Sylus akanong'ona, Wakio akisimamisha picha kila mumewe alipohitaji kuvuta pumzi. Tamthilia ilipokatika bila mwisho, Wakio alimuuliza anadhani ingeishaje.

"Wangegombana," alisema. "Halafu wangepika."

Wengine walifurahi. Wengine walikasirika kwamba wamelia bure, wakaondoka kabisa. Na shabiki mmoja wa Mahoo aliandika: "Huyu si Sylus. Sylus tunamjua. Ungengoja kaburi likauke kabla ya kutuletea mwanamume mwingine."

Waliusoma ujumbe huo wakiwa wamekaa mlangoni. Mabega ya Sylus yalitikisika, Wakio akadhani analia, kumbe anacheka, bila sauti hata kidogo. Kisha akaacha. Akausoma tena.

"Utamjibu nini?" alinong'ona.

Wakio alifikiri sana, akaandika, akampa aone kabla ya kutuma: "Una haki. Yule alikwenda, na bado namlilia. Huyu ndiye mume wangu."

Sylus alimrudishia simu.

"Tuma," alisema.